Mgeni wa Saa Nne Ambaye Sikumpokea

Busoga, Jumapili, 11 Novemba 1951.
Leo ni miaka mitatu na miezi minne tangu niwaache mlangoni.

Mwanangu Kokugonza,

Barua yako niliipata Jumatano. Yakobo, yule jirani yetu wa Kamachumu tuliyekuja naye huku kwenye miwa, amemaliza mkataba wake na kesho alfajiri anaondoka kwenda kupanda meli. Ameniambia nikimpa barua kabla jua halijazama ataitia kwenye mfuko wa ndani wa koti lake na kuushona, nawe utaipata kabla ya Jumamosi utakapotoka nyumbani kwenda Bukoba. Kwa hiyo naandika mchana huu, mitambo imelala na kambi imekwenda mtoni kufua. Utaona mwandiko umebadilika, herufi zimeinama upande mwingine kama migomba baada ya upepo wa ziwani. Usishtuke. Sababu nitakupa nikifika mahali pake.

Umeniambia umepata kazi ya ualimu na chumba na sebule Hamugembe, hapo Bukoba mjini, mlango unatazama shamba la migomba la mwenye nyumba. Nimefurahi mpaka nikamsomea Mnyasa ninayelala naye, ambaye hajui hata Bukoba iko wapi. Umeniambia tena kwamba Jumapili yako ya kwanza, mkitoka ibadani, utawaalika walimu wenzako wanne kwa chai ya saa nne. Unaniuliza uandae nini, kwa kuwa mimi niliwahi kukaa na Wazungu. Ukaandika, "Nataka iwe bila makuu, Tata. Nitaweka vitu mezani, kila mtu ajihudumie."

Hapo nikaiweka barua chini, nikatoka nje, nikarudi.

Habari za mayai, za sukari na vikombe vya kuazima, muulize mama yako. Habari za kufunga mlango na za kisima kipi kina maji safi najua amekwisha kukuambia mara tatu. Mimi nina jambo moja tu. Sijapata kukuambia, kwanza kwa aibu, halafu kwa woga.

Mimi nami nilikuwa na chai yangu ya saa nne ya kwanza. Ilikuwa ya kwanza na ya mwisho.

Nilikuwa kijana, nimeacha kazi ya jikoni kwa Mzungu mmoja wa misheni. Miaka minne nilimkaangia mayai na kumpangia vikombe. Jumapili, baada ya ibada ya asubuhi, walikuwa wakialikana. Haikuwa karamu. Mkate, mayai, ndizi mbivu na birika la chai, vyote mezani, na mama mwenye nyumba anasema tu, "Jichukulieni." Mtu anaingia, anachukua sahani, anacheka, anakwenda zake. Hakuna kukaa nusu saa mnaulizana habari za migomba na za watoto mmoja mmoja. Mimi nikiwa nimesimama nyuma ya mlango na birika, niliona huo ndio uungwana wenyewe. Nikasema siku nitakapokuwa na nyumba yangu nitafanya hivyo hivyo.

Nikamwoa mama yako. Nikajenga nyumba ulimozaliwa, ya pembe nne, ya kwanza upande ule wa kilima, wakati majirani wote walikuwa bado kwenye mushonge, zile nyumba za mviringo za nyasi. Nikawaalika watu saba. Alikuwepo Mwalimu Zakaria na mkewe, Petro kaka yake mama yako, Yoeli ambaye tulichunga pamoja, na wengine watatu wa kwaya.

Wewe unajua mgeni hupokelewaje kwetu. Kabla hujamuuliza ametoka wapi, unamwekea akamwani mkononi, zile kahawa zilizochemshwa na majani na kukaushwa. Anapokea kwa mkono wa kulia, wa kushoto umeushika ule wa kulia kwa chini, mnatafuna wote wawili. Hapo ndipo amefika. Kabla ya hapo amesimama tu ndani ya nyumba yako. Bibi yako alijua nina wageni, akatuletea Jumamosi kikapu kidogo kimejaa, cha kahawa alizozikausha mwenyewe. Nikakisukuma chini ya kitanda. Mama yako akauliza kikapu kiko wapi. Nikamwambia hayo ni mambo ya kizamani, leo watu watajichukulia. Akanitazama, akaendelea kutandaza nyasi sakafuni. Nyasi nilimwachia, kwa kuwa sakafu ilikuwa ya udongo na vumbi.

Wakaja. Yoeli alipoiona meza na kitambaa cheupe akasema, "Ndugu yetu, umekwisha kuwa Mzungu. Imebaki pua tu." Tukacheka. Nikawaambia wasiogope, vitu ni hivyo, kila mtu achukue apendacho. Walishika sahani kama watu walioshikishwa watoto wa wenyewe, lakini baada ya muda walizoea, wakaanza hata kutaniana nani amechukua mayai mawili.

Sijui yule mtu aliingia saa ngapi. Nilimwona tu amekaa chini, kwenye nyasi, ameegemea nguzo ya kati, ingawa benchi lilikuwa na nafasi. Alikuwa mzee kidogo, mwembamba, na koti la kahawia lililochakaa. Vifungo vya koti vilikuwa vyeusi, ila cha katikati kilikuwa cheupe, kidogo, cha shati. Mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko. Mimi nilidhani amekuja na Zakaria. Baadaye nilijua Zakaria alidhani ni mkwe wangu, na Petro alidhani ni mtu wa misheni. Kila mmoja alimpa heshima ya mgeni wa mwenzake, yaani hakuna aliyesema naye.

Alikuwa akinitazama mimi tu. Hakunitazama kwa ubaya. Alinitazama kama unavyomtazama mtoto aliyejitwisha mtungi uliomzidi.

Nikamwendea, nikamwambia, "Mzee, chai iko mezani. Jichukulie."

Hakuinuka. Alinyoosha mkono wa kushoto, kiganja juu, wazi. Nilijua anaomba nini. Kila mtu mle ndani alijua. Maneno yakapungua, nikasikia mtu akiweka kikombe chini. Nikaona haya mbele ya kitambaa changu cheupe. Halafu ule mkono wa kushoto ukanipa pa kupitia. Mtu mzima, kuomba akamwani kwa mkono wa kushoto, wa kulia umelala mfukoni!

Nikasema kwa sauti ili wote wasikie, "Akamwani tumewaachia wazee wa mushonge, mzee wangu. Na hata wao hupokea kwa wa kulia."

Wakacheka. Yoeli alicheka mpaka chai ikampalia. Mkono wa yule mtu ulibaki palepale mpaka kicheko kikaisha chenyewe. Kisha vidole vikajikunja kimoja kimoja, kuanzia cha mwisho. Akasema kwa Kihaya, kile cha kilima chetu hasa, "Basi, nitangoja." Ile sauti niliijua, lakini sikuweza kusema ni ya nani.

Saa sita watu waliaga. Mama yako alisimama mlangoni akiwasindikiza, mimi nikikusanya vikombe. Akaingia, akaniuliza, "Mgeni wako atakula mchana?"

Nikamwambia wote wameondoka.

"Nimewaaga saba," akasema. "Yeye sikumwaga."

Tukatazama kwenye nguzo. Hapakuwa na mtu. Nyasi zilikuwa zimelala, zimebonyea kama mtu angali amezikalia, na mama yako alipoweka kiganja alisema pana joto. Kesho yake akazoa nyasi zote, akatandaza mpya. Ilipofika saa nne zilikuwa zimebonyea tena, mahali palepale.

Hicho kilikuwa kitu cha kwanza. Cha pili ndicho kilichonichosha. Majirani walikuwa wakija kama majirani wanavyokuja, kuomba moto, kupumzisha mzigo. Wanafika mlangoni, wanachungulia, halafu wanarudi nyuma kwa adabu. "Naona una mgeni," wanasema. "Nitapita siku nyingine." Mwanzo niliwavuta mkono ili waingie, niwaonyeshe hakuna mtu. Waliingia nusu hatua, wakaitikia kwa kichwa upande wa nguzo, wakatoka. Ukiwauliza wameona nini, hawasemi wameona kitu. Wanasema waliona tu kwamba nyumba ina mgeni na si vizuri kumwingilia mtu mazungumzo yake. Mwaka mzima, Kokugonza, hakuna aliyekaa katika nyumba ile niliyoijenga ili watu waje.

Nilijaribu kurekebisha. Nilikitoa kikapu cha bibi yako, nikaziweka kahawa pale kwenye nyasi, juu ya kipande cha jani la mgomba. Jioni zilikuwa palepale. Nikaweka tena, siku tisa. Shangazi yangu aliposikia alikuja, akasimama nje, hakutaka kuingia. Nikamweleza. Hakunigombeza, na nilitamani anigombeze.

Akaniambia, "Akamwani haiwekwi chini kama chakula cha kuku. Hutoka mkononi ikaingia mkononi. Alipokunyooshea ulikataa. Sasa ngoja anyooshe tena."

Nikamuuliza kama hataondoka kwanza.

"Ataondokaje?" akasema. "Mtu huaga alikofika. Huyu kwako hajafika."

Sasa utakumbuka. Utakumbuka mahali karibu na nguzo ambapo mama yako hakuacha ukae. Ulikuwa ukidhani ni siafu. Ni mimi niliyekuambia ni siafu. Ulipokuwa na miaka minne tulikukuta umekaa pale umenyoosha miguu, tukakuinua haraka, ukalia, ukasema, "Hapa pananukia sukari guru." Nyumbani hatukuwa na sukari guru. Hapakuwa na mtu wa kijiji kizima aliyekuwa nayo wiki ile, kwa kuwa mama yako alizunguka akiuliza.

Mama yako hakuogopa kama mimi. Akitandaza nyasi asubuhi alikuwa akisema kuelekea pale, "Umelalaje, waitu?" kwa heshima ya kumwita mkubwa, kisha anaendelea na kazi. Polepole watu walianza kuingia tena, wanawake kwanza, kwa sababu yake si yangu. Mimi nilishindwa. Nilikuwa nikila nimegeuza mgongo. Nilipowaambia naondoka kutafuta kazi ng'ambo ya ziwa, nilisema kweli, kazi ilitakiwa. Lakini nusu ya kweli ni kwamba nilichoka kukaa na mtu ambaye nilimnyima kufika, na ambaye kwa hiyo siwezi kumwambia kwaheri.

Sasa habari ya mwandiko.

Mwaka jana, kabla ya masika, nilikuwa nikilisha miwa kwenye mashine ya kukamua. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka huona mkono wake kama wa mtu mwingine. Ukavutwa. Waliisimamisha mashine mapema, nikabaki na vidole vyote vitano. Lakini vimejikunja na havikunjuki. Mkono wa kulia sasa ni ngumi iliyofungwa, na baridi ya alfajiri huuuma, basi nautia mfukoni. Zile barua tatu za tangu mwaka jana aliniandikia Yakobo, nikamwomba asiseme. Huu ndio mwandiko wangu wa kushoto. Umenichukua miezi sita. Nala kwa kushoto, napokea kwa kushoto. Mnyasa wangu ananitania, anasema, "Wewe Mhaya unasalimia watu kama mchawi." Nami nacheka naye, kwa kuwa hana ubaya, ila ananikumbusha kicheko kingine.

Huku kila kitu kinanukia sukari inayochemka. Blanketi, ngozi, hata maji. Siku hizi siisikii tena mpaka mtu mgeni akiziba pua.

Na koti. Mwezi wa saba msimamizi wetu mmoja aliacha kazi akarudi kwao, akagawa vitu vyake. Mimi nikapewa koti la kahawia. Sikulichagua. Lilikuwa na vifungo vyeusi vitatu. Wiki mbili zilizopita cha katikati kilikatika kwenye miwa. Nikatafuta kambini kote kifungo cheusi. Mnyasa akaniletea alichokuwa nacho, kimetoka kwenye shati lake la zamani. Kilikuwa kidogo, na cheupe.

Niliacha koti wazi siku nane. Halafu ikaja zamu ya alfajiri yenye mvua, nikakishona.

Mwanangu, mimi nilisoma darasa la tatu, na hata hilo sikulimaliza. Siwezi kukuambia yule alikuwa nani. Mchungaji angeniambia niombe, nami naomba. Nakuambia nilichokiona na nilichovaa, basi. Nimejiuliza, kama ni mimi, ninakwenda lini safari ile? Nikilala huku huwa sijui niko wapi mpaka asubuhi. Kuna siku naamka nyasi zimeninasa mgongoni, na kitanda changu ni cha mbao na gunia.

Hili ndilo nililojifunza, na limenigharimu nyumba. Nilipowaambia watu wajichukulie nilidhani nawapa uhuru. Kumbe nilikuwa nawaambia kwamba kufika kwao hakunihusu. Wale Wazungu pengine walikuwa na namna yao ya kupokeana ambayo mimi nyuma ya mlango sikuiona. Niliiga meza tu, nikaacha kilichowafanya wacheke. Na yule mzee sikumcheka kwa sababu ya mkono wa kushoto. Nilimcheka kwa sababu alinikumbusha nilikotoka mbele ya watu ambao nao walitoka hukohuko.

Kwa hiyo fanya chai yako. Usiifute kwa ajili yangu, wala usiwaogopeshe wenzako kwa hadithi hii. Weka mayai, weka mkate. Kama senene wameanguka mwaka huu, mwombe mama yako akukaangie, na wenzako wale wajue wapo Bukoba. Taniana nao. Lakini wewe simama mlangoni na kikapu. Kile cha bibi yako bado kipo, mama yako anaweka ndani yake mbegu za maharage. Mwombe akupe, ukijaze. Mpe kila aingiaye kwa mkono wako, tafuna naye, kisha mwambie akajichukulie anavyotaka.

Na kama atakuwepo mmoja ambaye kila mtu anadhani ni mgeni wa mwenzake, amekaa chini na viti vipo, usimuulize amekuja na nani. Usimwambie angoje baba yako arudi. Akinyoosha wa kushoto, usimuulize wa kulia umefanya nini. Mpe. Keti naye chini utafune mpaka amalize, hata kama chai inapoa. Akitaka kuaga, msindikize mpaka njiani, na usirudi ndani kabla hajakugeuzia mgongo yeye kwanza.

Nakuomba wewe kwa sababu mimi siwezi. Pale nyumbani Muleba mkono wa yule mgeni umefungwa, na mama yako kwa miaka yote hii amempa salamu tu, hajanyooshewa kiganja. Wewe unaanza nyumba mpya, mlango ambao hajakataliwa. Kama mimi ndiye yeye, huko ndiko ningekwenda.

Jumapili yako mitambo haitalala, nami nitakuwa zamuni tangu alfajiri mpaka saa nane, na Mnyasa atakuwa pembeni yangu. Nimemwambia saa nne anitazame vizuri, kisha aniambie kama nilikuwepo. Amecheka, lakini amekubali.

Habari ya mkono mwambie mama yako. Ya koti mwachie mwenyewe aione.

Baada ya chai niandikie. Sihitaji maneno mengi. Kama alikuja na ukampa, andika tu "amepokea", nami nitaelewa. Kama hakuja, andika wageni wako walikula nini, niisome kwa raha.

Mkataba wangu unakwisha mwisho wa mwezi wa tano. Natazamia kushuka Bukoba kwa meli ya kwanza ya Juni, na kabla ya kwenda Muleba nitapita kwako Hamugembe, Jumapili, saa nne. Nitakuwa na koti hilo, sina jingine. Kama yule ametangulia na amepokea, nitavuta kiti na kukaa kama baba yeyote. Kama hajatangulia, utanikuta chini, nimenyoosha mkono. Usicheke. Nimengoja muda mrefu.

Mimi baba yako,
Ta Rwegoshora